Kadi za Zawadi Zilizochezewa na Wajibu wa Muuzaji kwa Mnunuzi

Kadi ya zawadi ni kipande cha plastiki au cha karatasi ngumu kinachowakilisha fedha iliyokwisha kulipwa, ambacho mnunuzi humpa ndugu, rafiki au mfanyakazi wake ili naye akajichagulie bidhaa aitakayo dukani au kwenye intaneti. Nchini Marekani, ambako maduka makubwa yalianza kuuza kadi hizo katikati ya miaka ya 1990, leo ni nadra kukuta duka kubwa la vyakula au la dawa lisilo na rafu nzima iliyojaa kadi za rangi mbalimbali, zenye majina ya maduka, mikahawa, michezo ya kompyuta na kampuni za malipo. Katika miaka ya karibuni rafu hizo zimekuwa shamba la wezi. Kadi hununuliwa kwa fedha halali, hukabidhiwa kwa nia njema, na inapofika siku ya kutumiwa hugundulika kwamba salio lake ni sifuri, kwa kuwa mtu asiyejulikana amekwisha kulitumia lote. Makala haya yanaeleza jinsi wizi huo unavyofanyika na sababu zinazoufanya kuwa mwepesi, na yanatetea hoja moja, kwamba kadi iliyochezewa kabla ya kuuzwa ni bidhaa mbovu kama bidhaa nyingine yoyote mbovu, na kwamba hasara yake inapaswa kubebwa na wale waliochagua namna ya kuifunga na mahali pa kuitundika, wala si mnunuzi ambaye hakuwa na njia ya kuutambua ubovu huo.

Kabla ya kwenda mbali, ni muhimu kutenganisha aina mbili za ulaghai ambazo mara nyingi huchanganywa. Katika aina ya kwanza, mlaghai humpigia mtu simu akijifanya ofisa wa kodi, wa polisi au wa kampuni ya kompyuta, humtisha au humbembeleza, kisha humwagiza akanunue kadi za zawadi na kumsomea tarakimu zake. Ulaghai wa namna hiyo una takwimu zake, kwani Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ilipokea kutoka kwa wananchi taarifa za hasara ya dola milioni 217 zilizolipwa kwa njia ya kadi za zawadi katika mwaka 2023 pekee. Aina ya pili, ambayo ndiyo mada ya makala haya, haimhitaji mlaghai kuzungumza na mtu yeyote. Yeye huichezea kadi ikiwa bado dukani, yaani huifungua kwa siri, hunakili siri zake na kuirudisha mahali pake, kisha husubiri mtu mwingine ailipie. Katika aina ya kwanza mtu anaweza kuambiwa, kwa haki au kwa kuonewa, kwamba alidanganyika. Katika aina ya pili hakuna aliyedanganyika, kwa kuwa mnunuzi alichukua bidhaa kwenye rafu, akalipa na kupewa risiti kama anavyofanya mnunuzi yeyote.

Thamani iliyomo ndani ya tarakimu

Kadi za zawadi ziko za namna mbili. Zipo zinazokubaliwa katika duka au kampuni moja tu, na zipo zenye nembo za mitandao ya malipo kama Visa na Mastercard, ambazo hutumika karibu kila mahali panapopokea kadi za benki. Maduka mengi hayatengenezi yenyewe kadi zote yanazoziuza, bali huzipata kwa kampuni za usambazaji, ambazo kubwa zaidi ni pamoja na Blackhawk Network, iliyoanzishwa mwaka 2001 ndani ya kampuni ya maduka ya vyakula ya Safeway, na InComm yenye makao yake Atlanta. Kwa hiyo nyuma ya kadi moja wanaweza kuwapo wahusika wanne: duka linaloiuza, kampuni inayoisambaza, benki inayoitoa, na kampuni ambayo jina lake limeandikwa juu yake. Wingi huo wa wahusika, kama itakavyoonekana, ni sehemu kubwa ya tatizo.

Kadi ikiwa bado imetundikwa haina thamani yoyote. Mnunuzi anapoifikisha kaunta, keshia huipitisha kwenye mashine inayosoma msimbopau, yaani ile mistari myeusi iliyosimama ambayo kompyuta huitafsiri kuwa namba, kisha mashine hutuma ujumbe kwenye kompyuta za kampuni iliyoitoa kadi, na huko ndiko kiasi kilicholipwa huandikwa kwenye akaunti ya kadi hiyo. Kitendo hicho huitwa kuiwezesha kadi. Fedha haimo ndani ya plastiki. Imo katika kumbukumbu za kompyuta zilizo mbali, na kadi ni ufunguo tu, unaoundwa na namba ndefu ya kadi pamoja na namba fupi ya siri iliyofunikwa kwa utando wa kukwangua. Mtu akizijua namba hizo mbili anaweza kutumia fedha yote akiwa mji mwingine au bara jingine, bila hata kuigusa kadi yenyewe.

Msomaji aliyewahi kukwangua vocha ya muda wa maongezi anaijua kanuni hii vizuri, kwa kuwa hakuna mteja anayekubali kuuziwa vocha ambayo tayari imekwanguliwa. Lakini kuna tofauti moja kubwa inayostahili kuzingatiwa. Mwenye kibanda cha vocha amezinunua kwa fedha yake mwenyewe, hivyo huzilinda kama anavyolinda noti, huziweka karibu na mkono wake na huzihesabu jioni. Duka kubwa la Marekani halikulipia kadi zilizo kwenye rafu yake, na kadi ikiibwa kabla ya kuwezeshwa, vitabu vya hesabu havionyeshi upungufu wowote isipokuwa bei ndogo ya plastiki. Kitu ambacho kikipotea hakimtii mwenyewe hasara hakipati mlinzi. Ndiyo maana kadi za mamia ya dola huachwa wazi karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuchukua bunda zima na kuondoka, au kurudisha bunda jingine kesho yake bila kuulizwa.

Namna kadi inavyochezewa

Njia iliyoenea zaidi huanza kwa wizi mdogo. Mtu huingia dukani, huchukua makumi ya kadi zisizowezeshwa na kuzipeleka mahali penye utulivu. Huko bahasha ya karatasi ngumu inayoifunika kadi hufunguliwa kwa wembe au kwa joto linalolainisha gundi, namba ndefu hunakiliwa, utando unaofunika namba ya siri hukwanguliwa, nayo namba ya siri hunakiliwa pia. Kisha utando mwingine wa kubandika, unaouzwa kwa bei ndogo na unaofanana kabisa na ule wa awali, huwekwa juu ya sehemu iliyokwanguliwa, bahasha hufungwa kwa gundi, na kadi hurudishwa kwenye rafu ya duka lile lile au la mji wa jirani. Anayeishika mkononi huona kadi mpya. Kingo za bahasha zimenyooka, utando unang'aa, na pengine dalili pekee ni alama hafifu ya gundi iliyovuja pembeni au kona moja ya karatasi iliyochanika nyuzi zake, dalili ambayo mtu mwenye foleni nyuma yake na mtoto mkononi hana sababu ya kuitafuta.

Baada ya hapo kazi hufanywa na programu za kompyuta. Kampuni zinazotoa kadi huwa na ukurasa wa intaneti au namba ya simu ya kuulizia salio, na programu ya mlaghai huuliza salio la kila namba iliyonakiliwa, tena na tena, usiku na mchana, bila kuchoka. Siku salio linapobadilika kutoka sifuri kuwa dola 100, mlaghai hujua kwamba kadi imekwisha kulipiwa, na fedha inaweza kutumiwa kabla mnunuzi hajafika nyumbani. Zawadi nyingi hununuliwa siku au wiki kadhaa kabla ya sherehe, na kwa hiyo mpokeaji anapojaribu kuitumia kadi, mwizi amekwisha kufika mbali.

Njia ya pili haihitaji hata namba ya siri. Mlaghai hubandika juu ya msimbopau wa kadi iliyo kwenye rafu karatasi yenye msimbopau wa kadi nyingine, ambayo anayo yeye mwenyewe. Keshia anapoisoma, kompyuta huiwezesha kadi ya mlaghai, na mnunuzi huondoka na plastiki tupu ambayo haikuwahi kupokea hata senti moja. Njia ya tatu ni ya kuikata kadi, ambapo sehemu yenye namba hutolewa na kubaki kipande tu kinachoonekana kupitia tundu la bahasha, ili mguso wa juu juu usionyeshe kwamba ndani hakuna kadi kamili. Njia ya nne haigusi duka kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya usalama wa intaneti ya Distil Networks ilieleza kuhusu programu iliyopewa jina la GiftGhostBot, iliyokuwa ikishambulia tovuti karibu 1,000 kwa kukisia namba za kadi na kuuliza salio mpaka ipate namba yenye fedha. Kadi ya namna hiyo huibiwa bila kuguswa na mkono wa mtu, jambo linaloonyesha kwamba hata mnunuzi aliyeikagua bahasha kwa makini hawezi kuwa salama kwa ukaguzi wake peke yake.

Wizi huu si kazi ya vijana wawili watatu wanaobahatisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 kitengo cha upelelezi cha Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani kilianzisha operesheni iliyoitwa Project Red Hook, iliyolenga mitandao ya uhalifu ambayo wapelelezi waliihusisha na magenge yaliyojipanga kutoka China. Ndani ya mitandao hiyo kazi hugawanywa, kwamba wapo wanaoiba kadi, wanaozifungua na kuzifunga upya, wanaozirudisha madukani, na wanaotumia salio kununua simu na vifaa vingine vya kielektroniki ambavyo huuzwa tena, pengine nje ya nchi, ili fedha ya wizi ionekane kuwa fedha ya biashara. Kumtarajia mnunuzi mmoja mmoja, kwa macho yake tu, aushinde mpango wa namna hiyo ni kumtwisha mzigo usiobebeka.

Mnunuzi asiyejua mlango wa kubisha

Madhara ya wizi huu hayaishii kwenye kupotea kwa fedha, kwani mnunuzi aliyegundua kwamba kadi yake ni tupu huanza safari nyingine ya kutafuta haki. Akirudi dukani, mara nyingi huambiwa kwamba mauzo ya kadi hayarudishwi, na kwamba apige simu namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Akipiga namba hiyo, huulizwa risiti ya ununuzi, risiti ya kuwezesha kadi na picha za kadi pande zote mbili, kisha huambiwa asubiri uchunguzi. Duka linasema lilitimiza kazi yake kwa kuiwezesha kadi, kampuni ya usambazaji inasema fedha ilitumiwa kwa namba sahihi za siri, na kampuni yenye jina juu ya kadi inasema haikuiuza. Kila mmoja ana hoja inayoonekana kuwa na ukweli ndani yake, na jumla ya hoja zote hizo ni mtu mmoja aliyelipa na hakupata kitu.

Hali huwa ngumu zaidi kwa sababu kadi ni zawadi. Aliyenunua ndiye mwenye risiti, aliyepokea ndiye mwenye kadi, na huenda wawili hao wanaishi miji tofauti. Mpokeaji huona haya kumwambia shangazi au mwajiri wake kwamba zawadi aliyompa ilikuwa tupu, akihofia kuonekana kwamba anadai au anamtuhumu, na hivyo huamua kunyamaza. Kwa njia hiyo wizi mwingi hauripotiwi, na muuzaji asiyepokea malalamiko hujiridhisha kwamba tatizo ni dogo.

Sheria nayo imeacha pengo. Nchini Marekani, mtu aliyeibiwa kwa kadi ya mkopo hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50 za matumizi ambayo hakuyaidhinisha, na mwenye kadi inayotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya benki hupata kinga kama hiyo akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue kwamba kadi imepotea au imeibiwa. Kwa kadi za zawadi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 2009 sheria inayozuia fedha iliyomo kumalizika muda wake kabla ya miaka mitano, na inayowekea mipaka ada zinazokatwa kadi isipotumiwa, lakini kinga hizo zinahusu muda na ada, wala hazimrudishii mtu fedha iliyoibiwa. Kanuni za kadi za malipo ya kabla zilizoanza kutumika Aprili 2019, ambazo ziliwapa watumiaji wengine haki ya kuchunguziwa na kurekebishiwa makosa, ziliziacha nje kadi za zawadi. Matokeo yake ni kwamba kati ya njia zote za malipo zilizomo ndani ya pochi ya Mmarekani wa kawaida, ile inayotundikwa wazi mbele ya kila mpita njia ndiyo yenye kinga haba kuliko zote.

Kwa nini hasara iwe ya muuzaji

Swali la nani abebe hasara iliyosababishwa na mhalifu asiyepatikana si geni katika elimu ya sheria. Mwanazuoni Guido Calabresi, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Yale na baadaye jaji, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu gharama za ajali kwamba ni busara kwa jamii kumbebesha hasara yule anayeweza kuizuia kwa gharama ndogo zaidi, kwa kuwa yeye ndiye atakayepata sababu ya kuchukua hatua. Kipimo hicho kikiwekwa kwenye kadi za zawadi, jibu linapatikana bila shida. Mnunuzi hawezi kubadilisha bahasha, hawezi kuhamisha rafu, hawezi kuzuia programu inayouliza salio mara elfu kwa siku, na hawezi hata kuikwangua kadi kabla ya kulipa ili aone kama namba ya siri imeguswa. Mambo yote hayo yako mikononi mwa duka, msambazaji na mtoaji wa kadi, na hasara ikiendelea kubaki kwa mnunuzi, hakuna hata mmoja wao atakayeona faida ya kuyafanya.

Historia ya biashara ya Marekani ina mfano mzito unaothibitisha kwamba bidhaa iliyochezewa dukani inaweza kuchukuliwa kuwa jukumu la wauzaji na watengenezaji. Mwaka 1982 watu saba walifariki katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu fulani alivitia sumu ya sayanidi na kuvirudisha kwenye rafu za maduka. Kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo haikuwa imetia sumu hiyo, haikuwaambia wateja wajichunguzie chupa wenyewe. Iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, na ilipoirudisha dawa hiyo iliifunga kwa tabaka kadhaa za ulinzi. Mnamo Novemba mwaka huo huo serikali ilitoa kanuni za ufungaji wa dawa unaoonyesha wazi kwamba umefunguliwa, na mwaka 1983 kuchezea bidhaa za walaji kukafanywa kosa la jinai la shirikisho. Mtu aliyetia sumu hajawahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo hadi leo, lakini utando unaofunika mdomo wa chupa za dawa umebaki duniani kote. Hasara ya kadi tupu haiwezi kulinganishwa na vifo, na hilo lisemwe bila kusita. Kanuni iliyozaliwa na msiba ule hata hivyo ni pana kuliko msiba wenyewe, nayo ni kwamba anayeweka bidhaa mbele ya umma anawajibika kuifunga kwa namna ambayo mkono wa mhalifu utaacha alama, na kwamba ulinzi hauwezi kungoja mhalifu akamatwe kwanza.

Mfano wa pili unatoka ndani ya biashara ya kadi zenyewe. Kwa miaka mingi kadi za benki za Marekani zilitumia ukanda wa sumaku, ambao ni rahisi kunakiliwa, ilhali nchi nyingine zilikuwa zimehamia kwenye chipu, yaani kompyuta ndogo iliyopachikwa kwenye kadi na inayotoa msimbo mpya kwa kila malipo. Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 2015, wakati mitandao ya malipo ilipoweka kanuni kwamba, kadi ya bandia ikitumika, hasara itabebwa na upande uliobaki na teknolojia dhaifu zaidi, awe mfanyabiashara au benki. Wafanyabiashara walinunua mashine mpya, na kampuni ya Visa iliripoti baadaye kwamba kwa wale waliokamilisha mabadiliko, hasara ya kadi bandia ilikuwa imepungua kwa asilimia 76 kufikia Desemba 2018. Teknolojia ya chipu haikuwa ngeni mwaka 2015. Kilichokuwa kipya ni kwamba kuendelea bila chipu kulianza kumgharimu mtu mwenye uwezo wa kuinunua.

Pingamizi za wauzaji

Wauzaji wana pingamizi ambazo hazifai kupuuzwa. La kwanza ni kwamba wateja wasio waaminifu wanaweza kutumia salio, kisha wakarudi dukani wakidai kwamba waliibiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini kumbukumbu za kompyuta zinaweza kuitatua kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila kadi huacha nyayo zinazoonyesha saa iliyowezeshwa, mara ngapi salio lake liliulizwa kabla haijauzwa, na mahali fedha ilipotumika. Kadi ambayo salio lake liliulizwa mara nyingi ikiwa bado kwenye rafu, kisha ikatumika katika jimbo la mbali muda mfupi baada ya kulipiwa, inajieleza yenyewe. Kumbukumbu hizo ziko mikononi mwa kampuni, na si haki kumdai mnunuzi ushahidi ambao mwenye nao ni yule anayemdai.

Pingamizi la pili ni kwamba duka, hasa dogo, hupata kamisheni ndogo tu kwa kila kadi, na kurudisha dola 100 kwa mauzo yaliyoliletea dola chache ni kuliumiza. Hoja hii ni ya kweli, ila inahusu mgawanyo wa hasara kati ya kampuni zenyewe kuliko uhusiano wao na mteja. Duka, msambazaji na mtoaji wa kadi wana mikataba kati yao, wana wanasheria na wana kumbukumbu, hivyo wanaweza kukubaliana nani amlipe nani baada ya mteja kurudishiwa fedha yake. Mteja hana mkataba na msambazaji ambaye hata jina lake halijui. Aliyempa fedha ni keshia aliyesimama mbele yake, na mlango wa kwanza wa haki unapaswa kuwa pale pale alipolipia.

Pingamizi la tatu linahusu gharama ya ufungaji bora. Ni kweli kwamba bahasha iliyofungwa pande zote ina bei kubwa kuliko kipande cha kadibodi kilichokunjwa. Hata hivyo, zipo hatua nyingine zisizohitaji kiwanda kipya, kama kuzihamishia kadi za thamani kubwa nyuma ya kaunta, kuwafundisha makeshia kupapasa msimbopau kabla ya kuusoma, kuzuia maswali ya salio yanayorudiwa kwa kadi ambayo haijauzwa, na kuondoa sokoni kadi yoyote ambayo namba yake iliulizwa kabla ya kuwezeshwa.

Baadhi ya mamlaka za Marekani zimeanza kuelekea upande huo. Jimbo la Maryland lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuzuia ulaghai wa kadi za zawadi, iliyosainiwa na Gavana Wes Moore na kuanza kutumika Juni 2025, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Sheria hiyo inadai kadi zifungwe kwa namna inayoficha namba zake na inayoonyesha wazi ikiwa imefunguliwa, na inawataka wauzaji kuwafundisha wafanyakazi wao kuutambua ulaghai. Katika jiji la San Francisco, mwanasheria wa jiji, David Chiu, alifungua kesi Novemba 2023 dhidi ya InComm kuhusu kadi zinazouzwa kwa jina la Vanilla, akidai kwamba kampuni hiyo ilijua kwa muda mrefu kuwa ufungaji wake ni dhaifu na kwamba iliwanyima wateja marejesho ya fedha. Hayo ni madai ya mlalamikaji na si hukumu, lakini kufikishwa kwa suala hilo mahakamani na jiji zima, badala ya mteja mmoja mwenye kadi ya dola 50, ni hatua yenye uzito.

Mafunzo kwa wasomaji wa Kiswahili

Suala hili linawagusa pia wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, pamoja na jamaa zao walioko nyumbani. Mtu anayeishi huko anaponunua kadi na kumtumia ndugu yake wa Mombasa au Mwanza picha ya tarakimu zake, risiti hubaki upande mmoja wa bahari na hasara hutokea upande mwingine, na kadi nyingi hukubaliwa tu katika nchi zilikouzwa. Katika Afrika Mashariki kwenyewe, waajiri wengi nchini Kenya huwapa wafanyakazi wao vocha za ununuzi za maduka makubwa mwishoni mwa mwaka, na biashara ya zawadi za kidijitali inaendelea kukua. Msingi wa kisheria tayari upo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma, huku Tanzania ikiwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia. Nchi hizi zina nafasi ya kuweka kanuni za kadi na vocha mapema, kabla rafu hazijajaa.

Mpaka wauzaji watakapobeba wajibu huo, mnunuzi anashauriwa kuchukua tahadhari kadhaa. Ni afadhali kununua kadi zinazotunzwa nyuma ya kaunta, au kuinunua moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ambako hakuna bahasha ya kufunguliwa. Kadi inayotoka kwenye rafu ipapaswe msimbopau na utando wake, na iachwe ikiwa bahasha imelegea au ina alama ya gundi. Risiti ya kuwezesha kadi itunzwe, na mpokeaji apewe nakala yake pamoja na zawadi, akihimizwa kuitumia mapema. Salio likikutwa limetoweka, kampuni iliyotoa kadi na duka vijulishwe siku hiyo hiyo kwa maandishi, na taarifa ipelekwe pia kwa mamlaka ya kulinda walaji, kwani wizi usioripotiwa huhesabiwa kuwa haukutokea.

Tahadhari hizo hata hivyo zina kikomo, na hakuna orodha ya mawaidha inayoweza kuchukua nafasi ya haki. Kinachohitajika ni kanuni nyepesi kueleweka, inayosema kwamba mtu aliyelipia kadi na kuikuta imefyonzwa kabla hajaitumia arudishiwe fedha yake au apewe kadi nyingine pale alipoinunulia, ndani ya muda uliotajwa na sheria, na kwamba duka, msambazaji na mtoaji wa kadi wagawane hasara hiyo kwa mujibu wa mikataba yao. Kanuni hiyo ikiwekwa, bahasha zitabadilika na rafu zitahamishwa, kwa kuwa kadi isiyolindwa itakuwa imeanza kumgharimu mwenye rafu.